Mafuta Yaliyokataa Kunywa

Siku ile kwenye soko la Manika, hapa Kolwezi, tulikuwa hawa. Mama yangu, ambaye watu walimwita Mama Astrida kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama Kapinga, mkubwa wa mstari wa wauza mafuta, ambaye si ndugu yetu kwa damu, lakini mikono yake ndiyo iliyonipokea nilipozaliwa. Mama Mbuyi, mkaanga bitumbula, vile vitumbua vya ngano mnavyovijua, mke wa mdogo wake Mama Kapinga. Tata Sefu, mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, na aliyetuletea mafuta kwa treni. Binti yake Zaina, rafiki yangu, aliyenizidi miezi michache na hakuniachia nisahau. Na mimi, wa mwisho kwa Mama, niliyeitwa Kaloko kwa sababu ya udogo. Baba yangu hakuwepo, alikuwa kazini kwenye mgodi wa Mutoshi. Yaya yangu Astrida, dada yangu mkubwa, naye hakuwepo, alikuwa ameshaolewa Tenke, na kama angekuwepo habari hii isingetokea kabisa. Waliopita wakasimama kutazama siwataji, ingawa majina yao ninayo.

Nimekumbuka yote kwa ajili ya harufu. Juzi asubuhi, katika baridi hii inayotufanya sisi wazee tuongee na magoti yetu, mjukuu wangu Divine alichemsha majani ya sitronele, mchaichai, juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Kando ya moto aliweka chupa ya mafuta ya ngazi, yaani mawese. Chai ikaanza kunukia, mafuta yakaanza kunukia, harufu mbili zikakutana mlangoni nilipokuwa nimesimama. Sikuweza kuingia wala kutoka. Divine akaniuliza, "Kambo, uko muzuri?" Ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi au babu. Nikamwambia niko vizuri, nimekutana na watu tu.

Ninyi wa rika langu mnajua mafuta ya ngazi yalivyo. Wakati wa joto ni mekundu na yanakimbia kama maji. Baridi ikiingia yanakuwa mazito, rangi inageuka ya chungwa, na mwisho yanasimama kabisa, hata ukiinamisha chupa kichwa chini hayatoki. Kwetu hatukusema yameganda. Tulisema yamelala. Mteja akija asubuhi na chupa yake, Mama alimwambia, "Ngoja kiloko, mafuta bado inalala," na mteja alikaa kusubiri kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenye nyumba yuko kitandani.

Basi mimi niliyachukua maneno hayo yalivyo. Niliona kwamba vitu vyote vina usingizi, ila havilingani. Mshumaa ulikuwa na usingizi mwingi kuliko vyote: tone likidondoka mezani, kabla hujaligusa limeshalala. Asali iliyotoka Lubudi ilikuwa kama babu wa jirani, nusu macho nusu usingizini mchana kutwa. Maji ndiyo hayakulala kamwe. Hata baridi ya Kolwezi inayochoma masikio haikuyaweza, yalizidi tu kuuma meno. Nami niliyaogopa kidogo. Nilikuwa nikijaza kopo mpaka ukingoni, kisha naongeza tone, na tone, na maji yanainuka juu ya ukingo yakitetemeka bila kumwagika, kana kwamba yanashikana wenyewe kwa wenyewe yasianguke. Kitu kisicholala na kinachojishika hivyo, nilijua kina akili.

Mama aliuza mafuta kutoka kwenye debe la bati lililokatwa mdomo. Wakati wa joto alichovya kipimo, kikajaa, basi. Wakati wa baridi aliyachota mafuta kwa mwiko na kuyarundika, na yalisimama juu ya kipimo kama kilima. Kilima kile kilikuwa matabishi, nyongeza ya mnunuzi. Ndiyo maana wanawake wengine walipenda kununua wakati wa baridi.

"Mama Astrida, ongeza kichwa!"

"Kichwa hii haitoshe? Hata bwana yako haiko na kichwa kubwa vile."

"Bwana yangu simukule, mama. Ongeza!"

Lakini wale waliokuja na chupa walitaka mafuta ya kumiminika. Kwa hiyo kila asubuhi ya baridi debe lilipaswa kuamshwa, na kazi hiyo ilikuwa ya yaya Astrida. Aliweka debe ndani ya beseni kubwa nyuma ya nyumba, kisha akamwaga maji ya moto kwenye beseni, kuzunguka debe kwa nje, mpaka mafuta yalainike. Hayo nimeyajua baadaye. Mimi wakati huo nilikuwa bado chini ya blanketi. Nilichosikia kila asubuhi ni sauti ya Mama tu: "Astrida! Ile mafuta imelala. Uipatie mayi ya moto!"

Astrida akaolewa. Tulimsindikiza Tenke kwa treni, tukarudi bila yeye, na nyumba ikawa na kazi nyingi kuliko mikono. Wiki ile ile Tata Sefu alileta mafuta mapya kutoka upande wa Kamina, madebe mawili kwa Mama. Moja liliwekwa pembeni, lingine likafunguliwa kwa ajili ya soko. Nilikuwa na kikohozi. Kabla jua halijatoka Mama alinichemshia birika zima la sitronele, akaninywesha kopo moja, akajifunga kitambaa kichwani kwa sababu aliitwa kwenye kilio ng'ambo ya reli. Akiwa mlangoni akageuka.

"Kaloko, ile mafuta imelala sana. Uipatie mayi ya moto."

"Mingi, Mama?"

"Mingi. Iamuke yote."

Niambieni, mngefanya nini? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeamka na baridi kifuani, nimepewa maji ya moto, nimepata nguvu. Mafuta nayo yalikuwa na baridi. Birika lilikuwa bado limejaa, lina moto. Nilichukua mpini wa mwiko nikatoboa mafuta katikati, nikizungusha kama Mama anavyokoroga bukari, ugali wetu, mpaka nikagusa chini ya debe. Lilikuwa koo. Nikamimina chai ndani ya koo lile polepole, ili mafuta yasipaliwe.

Yakanywa. Ndugu zangu, mimi niliyaona yanakunywa. Kingo za shimo zililainika, zikawa nyekundu na kung'aa, macho madogo ya mafuta yakapanda juu yakizunguka. Shimo likajaa mafuta mekundu na maji siyaoni tena. Nikaongeza. Yakanywa tena. Nilimaliza birika lote, nikalifunika debe kwa kitenge kama mgonjwa, nikakaa kando yake nikikohoa.

Mama aliporudi jua lilikuwa linashuka na baridi imerudi. Akafunua kitenge. Juu palikuwa laini, pamefungika, hapana hata alama ya shimo.

"Uliipatia mayi?"

"Ee Mama. Iliamuka, njo ikalala tena."

Mama akacheka, akanishika kichwa. "Uko mukubwa sasa. Astrida aende tu." Neno hilo lilinilewesha wiki nzima.

Mtu wa kwanza niliyemsimulia alikuwa Zaina. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya baba yake pale stesheni. Nikamwambia mafuta yetu yana afya, yamekunywa birika zima.

"Mafuta haikunywake mayi," akasema Zaina.

"Yetu inakunywaka."

"Hata yenu. Mi niko mutoto wa mafuta, najua."

"Uko mutoto wa magunia," nikamjibu, tukasukumana, tukasahau. Hivyo ndivyo tulivyoiacha ile habari.

Wiki ikaenda. Kwa ajili ya kilio kile Mama hakupata nafasi ya kuamsha debe tena, wenye chupa wakaambiwa wangoje. Mama alichota juu, akashuka, akachota, akashuka. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mafuta ya debe lile hayakuyeyuka hata adhuhuri. Mafuta ya juu yalikuwa safi, na hakuna aliyelalamika. Siku ya tano yalibaki ya chini tu, na Mama aliyauza yote, mzigo mmoja, kwa Mama Mbuyi wa bitumbula. Alichota kwa haraka, vipande vizito vya rangi ya chungwa, akatupa ndani ya sufuria ya Mama Mbuyi pamoja na chochote kilichoshikana navyo, akaacha masalia chini ya debe. Mama Mbuyi akaongeza kichwa mwenyewe kwa kidole na kukilamba.

Kesho yake asubuhi tulisikia kelele kabla ya kuona mtu. Mama Mbuyi alikuja mbio katikati ya meza, sufuria mkono mmoja, mkono mwingine ameufunga kitambaa kilicholowa.

"Mama Astrida! Unataka kuniua? Mafuta yako inapasuka sawa baruti! Niliweka yulu ya moto, niko nangojea itulie, pa! Pa! Angalia mukono yangu!"

Akafungua kitambaa. Malengelenge yalikuwa yameinuka kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Mama akashika mdomo. Hakubishana. Alichukua debe, akaliinamisha, na kutoka chini ya masalia ya mafuta yakatiririka maji. Si matone. Maji ya kumtosha mtu kunawa mikono.

Mama Kapinga alisimama kutoka meza yake. Aliposimama mama yule, mstari mzima uliacha kuuza.

"Hii naijua," akasema. "Muntu anatia mayi chini, anaweka mafuta yulu, baridi inaifunga. Wewe unachoma kijiti, unakuta ngumu, unazani iko mafuta mpaka chini. Ni akili ya benye kuleta. Muite Sefu."

Nataka mwelewe jambo lililokuwa mbele yetu. Mstari wa mafuta ulikuwa na wanawake tisa, na Mama Kapinga akisema mtu fulani haleti tena, basi haleti. Tata Sefu hakuwa na kazi nyingine hapa Kolwezi. Akifukuzwa, alikuwa wa kupanda treni ya Jumatatu na mkewe na Zaina, kurudi walikotoka. Na hasira ya Mama haikuwa ya maji tu. Tata Sefu ndiye aliyempa debe la kwanza kabisa, Mama alipokuwa hana kitu, kwa sababu tu aliuamini uso wake. Sasa Mama aliona kwamba mtu yule amemfanya amchome mwenzake.

Tata Sefu akaja na kofia yake nyeupe, na Zaina nyuma yake. Alikuwa mtu mwembamba, asiyeinua sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha Kasongo. Sisi tulisema mayi, yeye alisema maji, na kila akisema hivyo watoto tulichekea ndani ya viganja. Siku ile hakuna aliyecheka. Alimsalimu kila mama kwa jina lake, akautazama mkono wa Mama Mbuyi kwa muda mrefu, akasema pole. Halafu akasema, "Hayo si maji yangu."

"Mayi iko na jina sasa?" akauliza Mama Kapinga. "Iliandikwa yulu yake, ya Sefu, haiko ya Sefu?"

"Nipeni chupa nyeupe, mama, na mnivumilie kidogo."

Walimpa chupa ya limonadi. Alikusanya kutoka kwenye debe na kwenye sufuria, akamimina vyote ndani, mafuta na maji, akaziba kwa kidole gumba, akaitikisa kwa nguvu. Ndani palikuwa tope la rangi ya chungwa. Akaweka chupa juani, juu ya meza ya Mama Kapinga, akachutama mbele yake. Nasi tukangoja.  Polepole tope likaanza kuachana. Matone ya mafuta yakapanda, yakakutana, yakaungana. Maji yakashuka. Mwisho pakawa na mstari mmoja mnyofu katikati ya chupa, kana kwamba mtu ameukata kwa kisu: juu mekundu, chini maji.

Divine, ambaye anasoma kemia, amenieleza sababu. Anasema kila kitu ni vipande vidogo visivyoonekana, na vipande hivyo vinavutana. Vya maji vinashikana sana, mkono kwa mkono, havitaki kuachana ili kumpa nafasi mgeni. Ndiyo maana yale maji ya kwenye kopo langu yalisimama juu ya ukingo. Vya mafuta ni virefu, vinagusana mabega tu, lakini baridi ikija vinajipanga kama vijiti kwenye mzigo wa kuni na kutulia. Joto likirudi vinasukumana, mzigo unafunguka. "Basi tulisema kweli," nikamwambia, "vinalala." Akafikiri, akasema, "Ee Kambo, binalala." Ila siku ile sikuwa na Divine. Nilikuwa na macho yangu tu, na macho yangu yaliona maji ndani ya chupa, yote, hata tone halijanywewa.

Tata Sefu akainua chupa usawa wa jua.

"Maji ya treni ni meupe, mama zangu. Maji ya mto yana udongo. Haya ni ya manjano. Na hiki je, ni nini?"

Chini ya chupa kulikuwa na kipande cha jani, chembamba, kirefu kama ukucha. Mama Kapinga akachukua chupa, akanusa.

"Sitronele," akasema. Halafu akacheka kwa kejeli. "Sefu, hata chai ulitutilia? Ulikosa tu sukari."

Wengine wakacheka.  Nikainua macho nikakuta Zaina ananitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananingoja. Nami nikatazama miguu yangu.

Zaina akangoja tena kidogo, halafu akasema mwenyewe, kwa sauti nyembamba, "Ni Kaloko. Aliniambia. Alinywesha mafuta birika."

"Eh! Mutoto wa Sefu anatetea baba yake," akasema Mama Mbuyi. "Angesema nini ingine?"

Mama akanigeukia. Alinitazama jinsi alivyonitazama aliponiita mkubwa.

"Kaloko. Ni kweli?"

Nikasema hapana.

Nimesema mambo mengi maishani mwangu, na mengi nimeyasahau. Lile hapana nakumbuka hata lilivyotoka, jepesi, halikunigharimu kitu. Mama aliniamini pale pale. Ndicho kilichoniuma, kwamba hakuhitaji hata kufikiri. Akamgeukia Tata Sefu na kumwambia bila kelele, "Tata, nilikula chumvi yako. Sasa sitaki kukuona kwangu tena."

 Tata Sefu alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle, akaivaa tena. "Twende, mwanangu," akamwambia Zaina. "Tukafunge vitu."

Wakaanza kwenda. Walifika kwenye meza ya chumvi. Nilitazama chupa, mafuta juu yamekaa kimya kama si yao, na hasira ikanipanda, si juu ya mtu, juu ya mafuta yale. Mimi niliyapa chai yangu mwenyewe. Niliyafunika kwa kitenge. Kumbe yalinidanganya mbele ya macho yangu, yakaficha chai chini, yakaniacha niitwe mkubwa bure. Nikapiga kelele, soko zima likageuka:

"Ilikatala kunywa! Mi niliipatia, Mama, birika yote, vile ulisema! Mafuta ilikatala kunywa!"

Halafu nikalia hata kikohozi kikanishika.

Mama akanisogelea. "Vile nilisema?"

"Ulisema niipatie mayi ya moto."

Nikamwona anasikia sauti yake mwenyewe, asubuhi zote za Astrida, na ile ya mwisho. Akakaa chini juu ya debe tupu. Mama Kapinga ndiye aliyeanza, kwanza mabega, halafu tumbo, halafu mwanamke yule mzito alikuwa ameshikilia meza asianguke kwa kucheka. "Inywe! Alitaka inywe! Mama yangu, alitaka inywe!" Hata Mama Mbuyi na mkono wake wa malengelenge alicheka, akalia, akacheka.

Mama hakucheka. Alisimama, akapita katikati yao, akamfuata Tata Sefu mpaka kwenye meza ya chumvi. Akapiga magoti. Mama yangu, mbele ya soko. "Tata Sefu, unihurumie. Nilikuvunjia jina."

Tata Sefu akamwinua haraka, akamtikisa kidogo mkono. "Simama, Mama Astrida, unanitia haya." Halafu akanitazama mimi niliyekuwa nimefuata nyuma nikivuta kamasi, akaweka uso mzito kabisa. "Na wewe, Kaloko. Mafuta yangu ni ya Mwislamu. Hayakukataa. Yalikuwa yamefunga."

Hapo nilimwona Zaina anacheka, na nikajua nitaendelea kuwa na rafiki.

Sikupigwa. Jumatatu yake Mama alinishika mkono tukapita kwa wenzake wale wanane, meza kwa meza, na kwa kila mmoja nilisema mwenyewe: maji yalikuwa yangu. Wengine walicheka, mmoja alinipa kiazi. Mama alimkandia Mama Mbuyi unga kila alfajiri mpaka mkono ukapona. Na Tata Sefu akaendelea kuleta mafuta hata mgongo wake ulipopinda.

Lakini jina halikurudi lote. Waliokuwepo waliujua ukweli, nao walimwita Tata Maji kwa mapenzi, kwa ile chupa na kwa jinsi alivyosema neno lile. Wasiokuwepo walilisikia jina bila habari yake, wakajitengenezea habari. Mimi nilidhani limekwisha kufa. Sasa wiki hii, vijana wawili wanaochimba Mutoshi, wapangaji wangu, walikuwa wananawa nyuma ya nyumba. Mmoja ni mgeni, ametoka Kasai. Akauliza wapi pa kuteka maji bomba likikauka. Mwenzake akamwambia, "Enda kwa ba Maji, kule karibu na stesheni. Kambo yao alikuwaka muizi, alikuwa anatia mayi mu mafuta. Njo jina ilitokea."

Nilikuwa nachambua maharage. Nilisimama mara moja, kwa magoti haya. Nikawaeleza wale vijana, wakanisikiliza kwa heshima kama vijana wanavyomsikiliza bibi mwenye nyumba, wakasema, "Ee Kambo," na nikaona kwamba kesho watasema vile vile. Zaina hayupo wa kuwajibu. Tulimzika kiangazi kilichopita. Watoto wake na wajukuu wake ndio hao ba Maji, watu wa Maji; wanaitwa kwa jina lile barabarani, nao hawajui wajibu nini, kwa sababu mama yao alikuwa mtu wa kunyamaza. Hakupenda kumtaja rafiki yake kwa ubaya.

Ndiyo maana nimeandika. Ninyi mliokuwa Manika wakati ule, au mama zenu waliokuwa na meza pale, someni taratibu mnisahihishe. Huenda madebe yalikuwa matatu, si mawili. Huenda chupa haikuwa ya limonadi. Mama Kapinga alikuwa na meza ya kwanza au ya pili kutoka bomba? Nimeshindana na nafsi yangu juu ya hilo siku mbili. Kama nimemkosea mtu jina au undugu, njooni mniambie, mimi niko nyumbani, au mtume mtoto. Nitafuta na kuandika upya. Ila mahali niliposema maji yalikuwa yangu, pale msiguse.